Utumbo mwembamba ukijeruhiwa: mambo ya kuzingatia kabla ya upasuaji

Mtoto kaanguka na baiskeli, ncha ya usukani ikamgonga tumboni. Kainuka, kajikung'uta vumbi, kasema hajambo. Usimwamini upesi. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takribani mita 6, na unaweza kutoboka ngozi ikiwa nzima kabisa. Maumivu makali huenda yakaja saa kadhaa baadaye, uchafu ukishavuja tumboni. Abiria aliyevilia damu pale mkanda wa gari ulipombana naye apelekwe hospitali hata kama halalamiki.

Asile wala asinywe chochote kabla ya kuonwa na daktari, kwa sababu akipewa nusukaputi anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Kisu kilichobaki mwilini kisichomolewe. Huenda ndicho kinachozuia damu kumwagika. Utumbo ukitokeza nje usiurudishe ndani. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, usikauke.

Chukua karatasi uandike: aliumia saa ngapi na kwa kitu gani, alikula lini mara ya mwisho, ana mzio gani, aliwahi kupasuliwa, ni mjamzito? Dawa zinazozuia damu kuganda zitaje mwanzo kabisa.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kungoja. Ultrasaundi huonyesha damu au majimaji tumboni, lakini tundu dogo la utumbo hulikosa kirahisi. Kipimo cha CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, ni bora zaidi, ila nacho kikifanywa mapema mno kinaweza kutoka safi. Ndiyo maana daktari hurudi tena na tena kulibonyeza tumbo lilelile, na mgonjwa huambiwa alale wodini. Nawasihi ndugu wasimharakishe kurudi nyumbani kwa sababu tu majibu ya kwanza ni mazuri. Tumbo likikaza kama ubao, akatapika, akapata homa au moyo ukaanza kwenda mbio, semeni papo hapo.

Ikiamuliwa apasuliwe, atawekewa dripu na kupewa antibayotiki, na kwa kidonda cha wazi huenda akachomwa sindano ya pepopunda. Ndugu wa kuchangia damu wawe karibu. Kabla ya kutia sahihi, uliza nini kitafanywa. Tundu dogo hushonwa tu. Kipande kilichoraruka vibaya au kukosa damu hukatwa, kisha ncha mbili zikaunganishwa. Mgonjwa akiwa hoi sana, daktari huzuia damu na uchafu kwanza, akaliacha tumbo wazi likiwa limefunikwa, amalizie kazi baada ya siku 1 au 2. Ndugu wengi wakiona hivyo hudhani mambo yameharibika, kumbe ni njia ya kumwokoa.

Akitoka chumba cha upasuaji, mchunguze kwa makini, hasa wiki ya kwanza. Homa mpya, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au maji ya kijani yanayochuruzika kwenye kidonda yanaweza kumaanisha kuwa maungio yanavuja. Mwite muuguzi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.