Laptopu yangu inawaka kwa diski ya nje: nilivyofanya, na pale nilipoharibu

Diski ya ndani ya laptopu yangu, HP ya mtumba, ilikufa wiki ile ile niliyokuwa najaza alama za kidato cha pili. Fundi akataja bei ya diski mpya, nikatazama kalenda: tarehe 19, mshahara bado. Nilichokuwa nacho ni SSD ya nje (diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya GB 240 yenye picha za harusi. Nikahamisha picha, nikaipa kazi ya kuwasha kompyuta. Mwaka wa pili huu, fundi hajaniona.

Nilitumia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Windows ya kawaida hukataa kujisakinisha kwenye diski ya USB. Zamani palikuwa na Windows To Go, Windows ya kubeba kwenye USB, kwa kazi hiyo, Microsoft wakaiondoa mwaka 2020. Programu ya Rufus bado inaweza kukutengenezea kitu cha namna hiyo, lakini mimi nilitaka kujaza alama, sikutaka vita.

Mint inahitaji GB 20 kwa uchache, ingawa wenyewe wanapendekeza 100. Diski ya kuzunguka nayo itakubali, ila utaiwasha, uende kuteka maji, urudi uikute bado inajikongoja. Chomeka kwenye tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani lina rangi ya bluu. Hilo hufika gigabiti 5 kwa sekunde, la 2.0 huishia megabiti 480.

Kwenye kompyuta ya mwenzio, pakua faili la ISO la Mint (nakala nzima ya mfumo katika faili moja), kisha uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus. Flashi nayo itafutwa yote, usiseme sikukwambia. Ichomeke kwenye laptopu yako pamoja na diski ya nje, washa, na papo hapo gonga-gonga kitufe cha menyu ya kuwashia. Kwa HP ni Esc halafu F9. Dell na Lenovo nyingi ni F12. Mac za Intel unashikilia Option. Chagua flashi. Mint itafunguka bila kugusa chochote, na kwenye skrini utaona alama ya kuanza kusakinisha.

Subiri kwanza usiibonyeze. Hapa ndipo nilipomharibia shemeji.

Baada ya yangu kukubali, shemeji alitaka yake hivyo hivyo, na laptopu yake ilikuwa na Windows nzima ndani. Nikachagua diski ya nje kwa uangalifu, nikasakinisha, ikawaka, tukanywa soda. Asubuhi akapiga simu: ameichomoa diski, sasa kioo ni cheusi kimeandikwa "grub>". Kumbe mfumo ulikwenda diski ya nje, lakini kile kipande kidogo cha kuwashia, GRUB, kilijiweka kwenye sehemu ya EFI ya diski ya ndani, yaani kile kipande cha diski ambacho kompyuta hukisoma kwanza inapowaka. Diski ya nje ikiondoka, GRUB haina pa kusoma mafaili yake. Windows ilikuwa salama; nilimwambia abonyeze F12, achague Windows Boot Manager, kisha aipandishe iwe ya kwanza ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya kompyuta yenyewe. Lakini usiku ule hakulala, na dada yangu alinisema.

Kwa hiyo, kama una bisibisi, zima kompyuta, tenganisha betri, chomoa diski ya ndani kabla ya kusakinisha. Hapo GRUB haina pengine pa kwenda. Kama huwezi kuifungua, fungua GParted, programu ya kugawa diski, ndani ya Mint ya flashi, tafuta kwenye diski ya ndani sehemu ndogo ya FAT32 (ndiyo ile ya EFI) yenye bendera, yaani alama, za boot na esp, uziondoe zote mbili. Tengeneza sehemu nyingine ya FAT32 ya MB 512 kwenye diski ya nje, uipe bendera hizo, na inayobaki iwe ext4, mpangilio wa diski unaotumiwa na Linux. Ukimaliza kusakinisha, rudisha bendera za diski ya ndani kabla hujazima.

Windows yako ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 uuandike kwenye karatasi kabla ya kugusa Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) au kitu chochote cha BIOS. Unaweza kuulizwa.

Kama umechomoa diski ya ndani, chagua tu kufuta diski yote. Itambue diski ya nje kwa ukubwa wake, maana majina sda na sdb ambayo Linux huzipa diski hubadilishana. Ikiisha, toa flashi, washa tena, F9, chagua diski ya nje. Ikigoma kuonekana kwenye kompyuta nyingine, angalia kama sehemu yake ya EFI ina faili BOOTX64.EFI ndani ya folda EFI/BOOT. Kompyuta isiyoijua diski yako hulitafuta hilo.

Waya uwe mfupi na usiocheza. Wangu ulilegea nikiwa katikati ya alama za hisabati, kila kitu kikaganda. Tangu siku hiyo diski nimeibandika nyuma ya kioo kwa gundi ya karatasi.