Somo: Kuijua fokasi ya kamera (inavyojilenga ili picha iwe kali) kama inaaminika

Kila harusi ikipita naulizwa "lenzi yangu mbovu?" Nimechoka, naandika mara moja.

1. Kamera juu ya stendi. Kizuia mtikisiko kizimwe.

2. Tundika kanga kwenye kamba, mbali na ukuta, kivulini mchana, ulenge herufi za jina. Weka rula pembeni, imelala nyuzi 45, katikati yake ilingane na kanga. Lenzi ya milimita 50, simama mita 2 na nusu.

3. Tundu la lenzi wazi kabisa, pointi ya fokasi moja tu, ya katikati.

4. Hapa ndipo nilipoharibu. Kabla ya KILA picha ivuruge fokasi: picha 10 pete ya lenzi ianzie mbali kabisa, picha 10 ianzie karibu kabisa, kisha kamera itafute yenyewe. Mie nilipiga 20 mfululizo bila kugusa pete, zote kali, nikajisifu. Kumbe kamera ilishapata tangu ya kwanza, zilizobaki haikufanya kazi yoyote. Wiki ile ile nikaingia harusini: piko ya vidoleni inahesabika mstari kwa mstari, macho ya bi harusi ukungu. Pesa nilirudisha. Na angalia, pete ikiwa nzito usilazimishe, utavunja gia; weka swichi kwenye M (fokasi ya mkono) kwanza, kisha uirudishe kabla ya kupiga.

5. Zikuze kwenye kompyuta, uone rula ni kali mbele ya kanga, nyuma, au sawa nayo. Zote zimekosea upande mmoja? Imehama tu, kamera nyingi za kioo (zenye kioo ndani kinachopeleka picha kwenye kidirisha cha jicho) zinarekebishwa kwenye menyu. Moja mbele, moja nyuma, moja sawa? Hiyo ndiyo isiyoaminika, menyu haitibu.

Wa Wete: Nimepima kwa skrini ya nyuma, zote kali. Kamera ya kioo. Basi nzima?

Jibu: Hujapima bado. Skrini ikiwaka kioo kimenyanyuka, fokasi inasomwa kwenye sensa yenyewe, kile kipande kinachonasa picha. Ukichungulia kwa jicho, inasomwa na kifaa kingine kilicho chini. Rudia kwa jicho.

Wa Bububu: Yangu inagoma usiku Forodhani, nieke setingi gani?

Jibu: Nimeandika mchana. Soma tena.

Wa Jambiani: Kanga ya mistari mitupu itafaa?

Jibu: Ahsante kwa swali hili! Kuna pointi zinazosoma mistari ya upande mmoja tu. Za msalaba husoma pande zote. Ilenge mistari, kisha geuza kamera wima ulenge tena. Ikihangaika upande mmoja, umeshaijua pointi yako. Hata Forodhani usiku itakusaidia: tafuta ukingo wa meza unaopata taa, usilenge moshi wa mishikaki.

Wa Bububu: Kumbe unajibu.

Wa Mkoani: Yangu ikitoka kwenye kiyoyozi picha zote nyeupe.

Jibu: Huo mvuke, si fokasi. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje.

Wa Wete: Nimerudia kwa jicho. Zote zimekwenda nyuma, sawasawa. Narekebisha. Na hiyo kanga yako imeandikwaje?

Jibu: Ya mke wangu, kanunua baada ya ile harusi. Siandiki hapa.