Hopsi moja, kazi mbili: kupika bia nyumbani kwa Centennial

Mjomba wangu wa Old Moshi hutia msesewe kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na gome lile kazi yake ni moja: uchungu. Hopsi, yaani maua makavu yanayotiwa kwenye bia, nyingi pia huchaguliwa kwa kazi moja, ama uchungu ama harufu. Centennial, iliyotolewa kwa wakulima Marekani mwaka 1990, hufanya zote mbili. Kwetu huku, ambako kila pakiti huagizwa nje kwa bei ya kuuma, ndiyo ninayompa anayeanza. Mwezi jana nilipika lita 20 na shemeji hapa Sakina, Arusha, hivi.

Pakiti. Soma asilimia ya asidi za alfa, ndizo zinazoleta uchungu. Yetu ilikuwa 10. Hopsi nzuri hunukia ndimu na maua. Ikinuka jibini lililochacha, tupa. Inayobaki ifunge isiingie hewa, weka friza.

Kimea. Andaa maji ya kimea kama ulivyozoea. Maji ya sehemu nyingi za Arusha yana floridi nyingi na kuchemsha hakuiondoi, kwa hiyo mimi natumia ya kununua.

Kutia hopsi. Hapa twende polepole. Asidi za alfa zinataka kuchemka muda mrefu ndipo zigeuke kuwa uchungu unaokaa kwenye bia. Mafuta yenye harufu ni kinyume, yanaruka na mvuke. Mara ya kwanza nilimwaga gramu 60 zote mwanzoni, jiko zima likanukia vizuri kwa saa nzima. Kumbe harufu ndiyo ilikuwa inanihama! Bia ilitoka chungu kama mwarobaini, ndimu hamna.

Sasa nagawa. Gramu 20 zinaingia mara tu sufuria inapochemka. Punguza moto kwanza, maana povu hupanda ghafla, na usifunike. Vipimo vingi huandikwa kwa watu wa pwani, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100, nao husema dakika 60. Arusha tuko mita 1,400 hivi, yanachemka kwenye 95, na uchungu hutoka taratibu zaidi kwa karibu theluthi. Mimi nachemsha dakika 80. Watu wa Moshi mjini wako chini yetu, 70 zinawatosha. Anza na maji ya ziada, kwa sababu mvuke unakula.

Gramu 40 zilizobaki zisiguse moto. Zima jiko, subiri kipimajoto kisome 80, tia, koroga taratibu, funika dakika 20. Kwenye 80 uchungu unaoongezeka ni kidogo sana, na harufu inabaki. Usikisie kwa kuangalia mvuke. Nunua kipimajoto kabla ya kununua hopsi. Mifuko ya kitambaa siipendi, hopsi zinabanana katikati zinabaki kavu. Ziache huru, utachuja.

Hamira. Poza haraka kwenye beseni la maji ya barafu, chuja, tia hamira ya bia, siyo ya maandazi. Iwe nyuzi 18 hadi 20. Juni mpaka Agosti kona ya sakafuni inatosha.

Chupa. Baada ya wiki mbili, povu likishatulia kabisa, sukari gramu 6 kwa lita, ziba, ngoja wiki mbili nyingine. Imalizeni ndani ya miezi miwili, kwani harufu ya Centennial hutangulia kufifia na uchungu ukabaki peke yake.