Nyungunyungu wa mboji: usije ukanunua ndoo ya samadi

Wengi hapa Moshi huchimbua nyungunyungu chini ya migomba kihambani, wakawaweka kwenye pipa la mboji, na baada ya mwezi pipa ni tupu. Hao ni wa udongoni. Wa mboji huishi juu, kwenye samadi na majani yanayooza.

Hatua ya 1: Chagua kwa hali ya hewa ya kwako
Nyungunyungu aitwaye Eisenia fetida ni mwembamba, mwekundu, mwenye michirizi ya manjano. Hustawi kwenye nyuzi 15 hadi 25. Eudrilus eugeniae, mwenye asili ya Afrika Magharibi, ni mkubwa na hupenda nyuzi 25 hadi 30. Moshi mjini wote wanafaa, ila Februari Eisenia akae kivulini. Arusha, au huko juu Marangu, baridi ya Julai humdumaza Eudrilus, chukua Eisenia.

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kulipa
Mara ya kwanza nililipia ndoo ya lita 10. Nilipoimwaga nyumbani, karibu yote ilikuwa samadi. Tangu siku hiyo nalipa kwa uzito wa nyungunyungu wenyewe. Mwambie muuzaji amwage kwenye gunia penye mwanga, si jua kali. Wanakimbia mwanga, kwa hiyo wewe unapangua samadi ya juu kidogo kidogo mpaka wabaki wamejikusanya chini. Hapo ndipo mzani unakuja. Nusu kilo yatosha kuanzia. Wakizoea, watakula kama robo kilo ya mabaki kwa siku.

Tafuta mchanganyiko: wakubwa wenye mshipi shingoni (hao wameshapevuka), wadogo, na vifuko vya mayai kama punje za mtama. Samadi ikinuka uozo, ondoka. Na uliza kama ng'ombe wamepewa dawa ya minyoo karibuni: ivermectin hutoka na kinyesi, na inaweza kuwadhuru.

Hatua ya 3: Andaa pipa kwanza
Changanya boksi zilizochanwa na samadi iliyopoa, ziwe na unyevu. Ingiza mkono katikati: ukisikia joto, subiri. Ukikamua mchanganyiko huo, yatoke matone ya maji mawili matatu tu.

Hatua ya 4: Wafikishe
Ndoo yenye matundu, safari ya asubuhi. Miguu ya meza ya pipa isimame kwenye makopo ya maji, maana siafu wakiingia usiku mmoja hubakizi kitu. Usiku wa kwanza acha taa inawaka, la sivyo watapanda ukutani na kutoroka. Maganda ya ndizi wape siku ya tatu.