NAS ya mpiga picha hapa Lamu: angalia nini kabla hujatoa pesa

Wapiga picha wengi wa Lamu na Malindi bado wanaweka kazi kwa diski za nje, zimejaa droo, na mteja akiuliza picha za harusi ya mwaka juzi ni kuchomeka moja moja mpaka uipate. Ukifika hapo tafuta NAS, yaani lile boksi lenye diski kadhaa ndani linalokaa kwa netiwaki ya studio na kompyuta zote zinalifikia.

Anza na hesabu, brandi baadaye. Kamera ya megapikseli 45, faili moja ya raw (picha ghafi kama ilivyotoka kwa kamera) inakula kama MB 50. Harusi zetu ni siku kadhaa, nikaha, kupamba na mambo mengine, kamera mbili zinapiga, picha 4,000 si ajabu, hiyo ni GB 200 harusi moja. Ukipata harusi 30 kwa mwaka ni TB 6, miaka minne TB 24, na hapo sijagusa video wala droni.

Kwa kazi kama hiyo mimi ningechukua boksi la nafasi 8 nianze na diski 5 za TB 12, nafasi zingine zingoje. Ukizipanga kwa RAID 6 (RAID ni njia ya kuunganisha diski zifanye kazi kama moja, na moja ikifa data ibaki) unapata TB 36 za kutumia (kompyuta yaweza kukuonyesha karibu 32.7, usishtuke, inahesabu kwa njia nyingine). RAID 5 inavumilia diski moja kufa, RAID 6 mbili, na huku visiwani hiyo ya pili ina maana sana manake diski ikifa utaagiza Mombasa ama Nairobi, ije na basi mpaka Mokowe, ivushwe na boti, na ukishaiweka boksi linajijenga upya, yaani linaijaza diski mpya data ya ile iliyokufa, siku nzima au zaidi, sasa muda wote huo ukiwa na RAID 5 diski nyingine ikigoma umekwisha. Bora ununue diski moja ya ziada kabisa uiweke kabatini.

Kwenye diski zenyewe uliza kama ni CMR, yaani zile ambazo mistari ya data haipandani. SMR zinapandisha mistari ya data juu ya mingine, ni bei nafuu lakini wakati wa kujijenga upya zinakuwa nzito mno. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 mpaka 6 zilikuwa SMR na haikuandikwa wazi, ndio maana soma namba ya modeli. WD Red Plus na Seagate IronWolf ni CMR.

Kasi isikusumbue sana. Waya wa gigabiti 1 unakupa kama MB 110 kwa sekunde, inatosha kuhifadhi, ila ukitaka kuedit moja kwa moja kutoka kwa NAS tafuta yenye gigabiti 10 na swichi yake. Na katalogi ya Lightroom Classic (ile programu ya kupanga na kuedit picha) iache kwa laptopu, haikubali kufunguliwa kutoka kwa netiwaki, raw ndio zikae kwa NAS.

Stima sasa. UPS, ile betri ya kushikilia stima ikikatika, ni lazima, na iwe ile yenye waya wa USB wa kuongea na NAS, ili stima ikipotea boksi lijizime lenyewe kwa utaratibu. Hewa ya bahari nayo inakula chuma, kwa hivyo usiliweke karibu na dirisha la upande wa bahari hata kama kuna upepo mzuri, weka chumba cha ndani, juu kidogo kutoka sakafuni, na vumbi upanguse.

Lakini kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote ni amana. Picha za kupamba ni za wanawake peke yao, wamejiremba bila buibui, wamekuamini wewe na dada aliyepiga. Kwa hivyo chagua NAS inayoweza kufunga folda kwa enkripsheni (bila nywila hazisomeki) na kumpa kila mtu akaunti yake, kijana wa kuprinti hana haja ya kuona folda ya kupamba. Na enkripsheni inakusaidia hata diski ikiharibika ukarudisha kwa waranti, manake hiyo diski inaenda na picha za watu ndani. Tena usiifungulie NAS mlango kwa intaneti, NAS nyingi za brandi ya QNAP zilivamiwa na programu za wahalifu, Qlocker 2021 na Deadbolt 2022, faili zikafungwa watu wakaambiwa walipe. Ukitaka kuingia ukiwa safarini tumia VPN, yaani njia ya siri ya kupita intaneti mpaka kwa netiwaki yako.

RAID sio bakapu, jamani. Ukifuta folda imefutika kwa diski zote, labda uwe umewasha snapshoti, ile kumbukumbu ya jinsi folda zilivyokuwa awali. Nakala ya pili lazima iwe nyumba nyingine. Mawinguni (kuhifadhi kwa seva za watu kupitia intaneti) ni ngumu, kupandisha TB 1 kwa megabiti 20 kwa sekunde ni kama siku nne na nusu bila kusimama, TB 24 ni zaidi ya miezi mitatu. Afadhali NAS ndogo kwa ndugu yako Malindi, uijaze kwanza ukiwa hapa kwa waya halafu uibebe, baadaye zinatumwa kazi mpya tu usiku. Na kila miezi mitatu toa harusi moja kutoka nakala hiyo, fungua raw kadhaa, ukuze mpaka uone nyuso.