Somo: Tambi za kitunguu saumu, na yale maji usiyotakiwa kumwaga

Hili ni somo la usiku ule umerudi umechoka, ukifungua friji inakutazama tu, na njaa haitaki maelezo. Vitu ni vitano, maji hayahesabiwi, ingawa ndiyo yatakayotushughulisha kuliko vyote. Waitalia huita chakula hiki aglio e olio, yaani kitunguu saumu na mafuta. Jina limeshamaliza mapishi yote.

Nikiri mapema kwamba mimi mwenyewe nilikipika vibaya kwa miaka. Juu ya sahani tambi zimekauka, chini kuna kidimbwi cha mafuta. Nikidhani mafuta ni machache, naongeza. Ikawa balaa zaidi. Kosa halikuwa jikoni hata kidogo, lilikuwa kwenye sinki, nilikokuwa namwaga maji ya tambi yote mpaka tone la mwisho.

Mahitaji, watu wawili: spageti kavu gramu 200, kitunguu saumu punje 4 nene, mafuta ya zeituni vijiko 4 vya chakula, pilipili kavu iliyopondwa nusu kijiko cha chai, na chumvi. Ukiwa na jibini gumu la kukwaruza, heri. Usipokuwa nalo, usitoke nyumbani kulitafuta.

Hatua ya 1: Bandika maji

Kipimo kilichozoeleka ni lita 1 ya maji kwa kila gramu 100 za tambi. Mimi hapa natumia lita 1 na nusu kwa gramu zote 200, na napunguza makusudi. Tambi zikichemka hutoa wanga. Wanga ni uleule, maji yakipungua yanakuwa mazito zaidi, na uzito huo tutauhitaji.

Yakichemka tia chumvi vijiko 2 vya chai, kisha onja. Yawe kama supu iliyokolea vizuri. Utasikia watu wakisema yawe na chumvi kama bahari, waache. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi takribani gramu 35, jaribu kula tambi zilizochemshwa humo. Na mafuta usitie kwenye sufuria. Yataelea juu tu, hayazuii tambi kushikana.

Hatua ya 2: Kitunguu saumu

Anza hiki kabla ya kutumbukiza tambi. Kikaango kinaweza kusubiri, tambi haziwezi.

Menya punje, zikate vipande vyembamba kama kucha. Usizitwange: kilichotwangwa huungua kabla hujageuka. Weka vipande kwenye kikaango baridi, mimina mafuta baridi juu yake, ndipo uwashe moto mdogo. Najua wengi tumefundishwa mafuta yapate moto kwanza. Hapa sivyo. Tunataka harufu itoke taratibu iingie kwenye mafuta, na mafuta yakiwa ya moto nje inaungua huku ndani ni mbichi.

Simama hapohapo. Simu weka mbali. Baada ya dakika chache utaona viputo vidogo pembeni ya vipande, kisha kingo zitaanza kuwa na rangi ya nyasi kavu. Epua wakati huo, si baadaye, kwa sababu mafuta yana joto lake na yataendelea kupika hata nje ya moto. Tia pilipili, koroga, acha.

Hatua ya 3: Tambi

Zitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa nguvu. Usizivunje, zikilainika zitainama zenyewe. Koroga sana dakika 2 za mwanzo, maana hapo ndipo wanga wa juu unanata na tambi zinashikana. Baada ya hapo koroga mara mojamoja.

Soma muda ulioandikwa kwenye pakiti, utoe dakika 2. Ukiing'ata moja uone bado ina ugumu katikati, ndiyo tunayoitaka.

Hatua ya 4: Kuoanisha

Kabla ya kugusa tambi, chota kikombe kimoja kizima cha yale maji meupe. Weka pembeni.

Hamisha tambi kwa koleo kutoka kwenye sufuria moja kwa moja hadi kwenye kikaango, zikiwa bado zinadondoka maji. Kikaango kiwe nje ya moto wakati huo, mafuta yasije yakakurukia. Mimina nusu ya kikombe ulichochota, rudisha jikoni, sasa moto mkali. Koroga na kutikisa bila kupumzika dakika 1 hadi 2.

Mafuta na maji hayapatani, hilo tunalijua. Lakini ukiyachapa pamoja kukiwa na wanga, mafuta hugawanyika vitone vidogo sana, na wanga unavizuia visikimbiliane tena. Ghafla utaona mchuzi mweupe kidogo, mzito, unaong'aa, umeivaa kila tambi. Vuta tambi upande mmoja wa kikaango: mafuta yakitiririka peke yake, bado, ongeza maji kidogo uendelee kukoroga. Ukiona majimaji tu, acha moto uyakaushe.

Epua ukiwa unaona mchuzi bado mwepesi kidogo kuliko unavyopenda. Tambi zinaendelea kunywa hata zikiwa kwenye sahani. Jibini litiwe nje ya moto, la sivyo litafanya mabonge. Kula mara moja.

Maswali ya wanachama

*Dada, asante kwa somo. Kitunguu changu kiliungua kikawa cha kahawia, nikasema potelea mbali nikaendelea. Uchungu haukulika. Kuna namna ya kukiokoa?*

Hakuna, mdogo wangu. Hata ukitoa vipande vyote, mafuta yameshabeba uchungu. Mwaga, futa kikaango, anza upya. Inauma, lakini umepoteza punje 4 na si chakula kizima.

*Sina mafuta ya zeituni. Siagi inafaa?*

Inafaa na ni tamu, ila ndani ya siagi kuna chembe za maziwa zinazoungua mapema. Changanya nusu siagi nusu mafuta, moto uwe mdogo zaidi. Mafuta ya kawaida ya kupikia nayo yanakubali. Kwa kuwa hayana ladha yake, ongeza punje moja au mbili.

*Shikamoo mwalimu. Mimi huwa nasuuza tambi kwa maji baridi zisishikane. Nakosea?*

Marahaba. Kwa saladi ya baridi, hukosei. Kwa hili somo, unaosha gundi yote ya mchuzi. Zikiingia kikaangoni papo hapo hazipati nafasi ya kushikana.

*Watoto hawali pilipili.*

Toa pilipili, wakubwa wajitilie mezani.

*Naweza kutengeneza chupa nzima ya haya mafuta ya kitunguu saumu, nikaiweka kabatini nitumie mwezi mzima?*

Tafadhali usifanye hivyo. Kitunguu saumu huota ardhini na kinaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kabatini kuna joto la kumtosha. Hapo anatengeneza sumu kali ambayo huwezi kuitambua kwa harufu wala ladha. Yakibaki, weka kwenye friji, yasizidi siku 4. Bora zaidi upike ya siku hiyohiyo.

*Zikibaki mpaka kesho zinakuwa kama kamba. Kwa nini?*

Wanga ukipoa hujikaza. Zipashe kikaangoni na maji vijiko vitatu au vinne, funika kidogo, kisha funua ukoroge. Hazitarudi kama jana, ila zitalika vizuri.

*Dada, nimejaribu leo. Kila kitu kilienda sawa, halafu mkono ukamwaga maji yote kwa mazoea kabla sijakumbuka. Nilikaa nikatazama sinki tu. Ningefanyaje?*

Pole, mkono una kumbukumbu yake. Wakati mwingine koroga nusu kijiko cha chai cha wanga wa mahindi kwenye nusu kikombe cha maji baridi, tia chumvi kidogo, pasha mpaka yaanze kuwa mazito, ndiyo utumie. Si sawasawa, lakini mafuta hayatakimbia. Na kuna kinga: kabla hujawasha jiko, weka kikombe kitupu ndani ya chujio. Huwezi kumwaga bila kukigonga.