Vimeng'enya kwenye chakula cha kuku: pima kwa gramu, changanya kwa hatua

Vimeng'enya ni protini zinazomsaidia kuku kumeng'enya chakula. Kabla ya kuvinunua dukani, angalia kwanza ulichonacho ghalani. Mfugaji wa Tanga au Pangani anayetumia mashudu ya nazi anahitaji mananezi, kwa sababu nyuzi za nazi kwa sehemu kubwa ni manani, na hicho ndicho kimeng'enya kinachoivunja. Pumba za ngano zinataka zailanezi, kimeng'enya kinachovunja nyuzi zake. Faitezi inafaa karibu kila mchanganyiko: hufungua fosforasi iliyofungwa ndani ya nafaka na mashudu, ambayo kuku mwenyewe hunufaika nayo kidogo tu.

Kipimo cha kawaida cha faitezi ni FTU 500 (FTU ni kizio cha nguvu ya faitezi) kwa kilo ya chakula. Pakiti ikiwa na FTU 5,000 kwa gramu, kilo 100 zinataka gramu 10. Tumia mizani inayosoma gramu moja moja, kijiko kinadanganya.

Wengi huharibikiwa kwenye kuchanganya. Gramu 10 ukizitupa juu ya kilo 100, kuku mmoja atapata nyingi na mwenzake asipate kabisa. Zichanganye kwanza na kilo 1 ya pumba laini kavu, kisha na kilo 10 za chakula, ndipo umwage kwenye kilo zilizobaki. Geuza kwa beleshi juu ya sakafu safi ya saruji, rundo zima, mara tano au zaidi. Usipike chakula hicho wala kukimwagia maji ya moto: joto likizidi nyuzi 80 za Selsiasi, vimeng'enya visivyokingwa hufa. Unyevu wa pwani nao huvichosha, kwa hiyo pakiti iliyofunguliwa ikae kwenye ndoo yenye mfuniko, kivulini, na uchanganye chakula cha wiki mbili tu.

Chokaa, yaani chanzo cha kalisi, ikizidi hupunguza kazi ya faitezi. Chakula cha kuku wanaotaga, chenye kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4, kisiwafikie vifaranga kamwe. Kwa kuwa faitezi hufungua fosforasi, unga wa mifupa unaweza kupunguzwa, lakini usiupunguze zaidi ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukizidisha kuupunguza, matokeo yake ni miguu dhaifu na maganda mepesi ya mayai.

Ukiona maranda ya sakafu ya banda yamelowa, kagua kwanza vinyweshea vinavyovuja. Kinyesi chenye damu ni dalili ya koksidiosi, ugonjwa wa utumbo: mwite ofisa mifugo siku hiyohiyo, vimeng'enya haviitibu. Na mashudu ya nazi yenye ukungu au harufu ya mafuta yaliyochacha yatupe, maana hakuna kati ya vimeng'enya hivi kinachoondoa sumukuvu.